Mwana wa Nane, Mtaa wa Mahiwa

Daftari lilikuja limelowa, ndani ya mfuko wa sukari.
Bwana Mwinyikondo akalitua juu ya meza yangu ya gundi:
Bi Siwatu, nishonee upya. Msimbazi umeingia kwangu,
umebeba godoro, umebeba redio,
huyu nimemwokoa.

Huyu, alisema. Hakusema hili.

Nilidhani hesabu za duka.
Kumbe maisha ya mwana wa mfalme wa Japani,
miaka elfu na ushei nyuma,
kwa mwandiko wa karani, wino wa buluu
umetambaa na maji hadi pembeni.

Mwana wa nane. Kwao mama hawakuwa na sauti,
basi kiti kikampita kikatua kwa mdogo wake
aliyekuwa bado ananyonya.
Yeye akapewa ghala la vipimo:
vibaba, pishi, mawe ya kupimia mchele wa kodi.
Mchana apime mchele,
usiku apime maneno,
tano, saba, tano, saba, saba.
Akiitwa barazani kwa yule mdogo, atatunga:
wakitaka mwezi anawapa mwezi,
wakitaka theluji anawapa theluji,
anarudi kwake kwa miguu, mikono ya joho imelowa,
na sababu haikuwa theluji.

*Ua la jana*
*leo halinijui,*
*nalo ni langu.*
*Mlango wa babangu,*
*utanijua lini?*

Nimehesabu kwa vidole vyenye gundi.
Mara ya kwanza mstari wa nne ulinipungukia.
Nikarudia: m ya mlango nayo ina haki yake.
Ukatimia.

Nikamuuliza, sasa wewe na Mjapani wapi na wapi?
Akacheka mpaka akakohoa.
Ghala la vipuri, Gerezani, miaka thelathini na mmoja:
beringi, fani belti, plagi, andika, weka, andika.
Fundi mmoja wa Osaka alimsimulia kisa hiki
kwa Kiswahili cha kuombea maji,
akaondoka kabla hajakimaliza.
Kilichobaki nimekitunga mwenyewe, akasema,
nani atanishitaki?
Kisha, akiwa tayari ameshika mlango:
Babu yangu alikuwa pazi, unajua.
Tangazo moja tu la serikali, hakuwa tena.
Kigoda chake kililiwa na mchwa pale Buguruni,
sisi tukikitumia kuwekea ndoo.

Akasema atapita Ijumaa.

Nimebandua kurasa moja moja kwa kisu cha mfupa,
nimezianika kwenye kamba, na umeme umekatika.
Shairi moja limemponza mwana wa nane:
ametaja ua lililochanua kabla ya zamu yake,
na barazani hakuna asiyejua ua ni nani.
Anapelekwa mkoa wa mbali, njia ya mashariki.
Farasi mmoja, mtumishi mmoja mwenye chongo,
mizani moja ndogo ya shaba aliyoiiba ghalani.
Siku ya tisa mvua. Kuna kivuko. Anashuka, anaomba kalamu,

na hapo karatasi zimegandana.
Nimezitia mvuke, nimezisemesha, zimechanika.
Ndani yake buluu tupu.

Ijumaa hakuja. Wala Ijumaa iliyofuata.
Jangwani wananiambia waliohamishwa ni wengi,
taja jina la baba yake.
Nitataja lipi? Nimesema, pazi.
Kijana wa orodha akauliza: hilo ni jina la kwanza au la ukoo?

Nimeongeza karatasi nane nyeupe mwishoni.
Nimeshona kwa uzi wa katani, pindo mbili,
jalada jekundu, maana jekundu ndilo lililokuwapo.
Kwenye karatasi ya kwanza, kwa penseli,
ili akitaka afute:

*Uzi waisha,*
*karatasi yabaki.*
*Masika, ngoja:*
*kuna mtu njiani*
*hajafika kwa baba.*

Chini yake nimebana risiti.
Kushona, gundi, jalada: elfu nane.
Bado hajalipa.